Namna ya Kupima Kichwa cha Gitaa la Umeme Chenye Umbo Geni Kabla ya Kulinunua

Wapigaji wa gitaa la umeme huweza kukubaliana kuhusu sauti, bei na hata rangi, lakini mbele ya kichwa, yaani ile sehemu ya mwisho wa shingo yenye funguo za kukazia nyuzi, kikiwa na umbo geni kila mmoja huwa na hukumu yake, na mara nyingi hukumu hiyo hutolewa kabla hata uzi mmoja haujapigwa. Mmoja ataiona ncha kali ya gitaa la Jackson na kusema ni silaha. Mwingine ataliona gitaa la Steinberger, ambalo halina kichwa kabisa, na kuuliza lilivunjikia wapi. Mwongozo huu unamlenga mtu aliyeliona gitaa la namna hiyo dukani au kwa muuzaji, akalipenda au akalichukia papo hapo, na sasa anataka kujua kama hisia yake ina msingi. Msimamo wangu ni kwamba kichwa hupimwa kwanza kwa kazi zake, yaani njia ya nyuzi, uimara wa mbao na uzito, na urembo huja baada ya hayo. Hata hivyo urembo haupuuzwi, kwa sababu gitaa usilopenda kulitazama huishia kulala ndani ya begi lake.

Jua kwanza umbo hilo limetokana na nini

Vile tunavyoviita vichwa vya kawaida ni viwili tu, vya kampuni mbili za Marekani: cha Gibson, chenye funguo tatu za kukazia nyuzi kila upande na kilichoinama kwenda nyuma, na cha Fender, chenye funguo sita zote upande mmoja na kilicho sambamba na shingo. Hata hicho cha pili hakikuanza na Fender. Funguo sita upande mmoja zilikuwapo kwenye magitaa ya Johann Georg Stauffer wa Vienna katika karne ya 19, na C. F. Martin, aliyehamia Marekani mwaka 1833, aliunda baadhi ya magitaa yake ya mwanzo kwa mtindo huo. Mwaka 1948 Paul Bigsby aliutumia kwenye gitaa la umeme alilomtengenezea mwanamuziki Merle Travis, na mwaka 1950 Leo Fender akaingiza sokoni magitaa yake ya kwanza yenye mpangilio kama huo. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba umbo fulani si la gitaa anaeleza mazoea ya macho yake tu.

Chanzo kingine cha ugeni ni sheria, na mnunuzi wa gitaa la bei nafuu anapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyoimiliki Gibson wakati huo, ilifungua kesi nchini Marekani dhidi ya Elger, iliyokuwa ikisambaza magitaa ya Ibanez huko, ikilalamikia umbo la kichwa lililofanana na la Gibson. Shauri likamalizwa kwa makubaliano, na Ibanez ikaendelea na maumbo yake yenyewe. Fender nayo hulinda maumbo ya vichwa vyake kama alama za biashara. Ndiyo maana unaweza kukuta gitaa ambalo bodi yake imefanana kabisa na ya Stratocaster, gitaa maarufu la Fender, huku kichwa chake kikiwa kimekatwa kona, kimechongwa wimbi au kimeongezewa pembe isiyo na kazi yoyote. Umbo la namna hiyo limebuniwa ili kumkwepa mwanasheria, halikubuniwa kwa ajili ya mpigaji. Si ubaya, lakini lisikushawishi kwamba kuna siri ya ufundi ndani yake, na muuzaji akikupandishia bei kwa sababu ya ubunifu wa kichwa, mwombe akuoneshe ubunifu huo unafanya kazi gani.

Fuata njia ya uzi

Hili ndilo jambo kuu, na ndipo inafaa utumie muda mwingi zaidi. Laza gitaa mezani, simama upande wa kichwa, kisha ufuatishe kila uzi kwa jicho kutoka kwenye daraja lililo kwenye bodi, juu ya shingo, kupitia kidaraja cha shingoni, yaani kile kipande cha mfupa, plastiki au chuma chenye mifereji sita, hadi kwenye ufunguo wake. Laza rula nyembamba kando ya uzi ikiwa jicho halikutoshi. Uzi ulio bora ni ule unaopita kidaraja hicho bila kukunjwa upande. Ukikunjwa, husuguana na ukuta wa mfereji wake. Ukiuvuta pembeni kwa kidole wakati wa kupiga solo, au ukibonyeza mkono wa tremolo, yaani kile kijiti cha kwenye daraja kinachotikisa sauti, uzi huteleza kidogo, hukwama, na haurudi pale ulipokuwa. Hapo gitaa huonekana limetoka kwenye tuni, na mpigaji hulaumu funguo ambazo hazina kosa.

Kichwa cha kawaida cha Gibson kina tatizo hili hili. Nyuzi za katikati, wa tatu na wa nne, hulazimika kutawanyika nje ili zifikie funguo zao, na uzi wa tatu ndio unaojulikana kwa usumbufu. Ukikumbuka hilo, baadhi ya vichwa vinavyochekwa huanza kueleweka. Kichwa kidogo cha Music Man, chenye funguo nne juu na mbili chini, wengi hukiona kama kilichosahauliwa kumaliziwa. Mimi naona ni mojawapo ya vichwa vilivyofikiriwa vizuri zaidi katika historia ya gitaa la umeme, kwa sababu nyuzi zote sita hupita karibu moja kwa moja na mbao hazizidi kiasi kinachohitajika. PRS, iliyoanza mwaka 1985, ilibaki na funguo tatu kila upande lakini ikazisogeza ndani ili nyuzi zisitawanyike sana, na matokeo yake ni kichwa chenye mwinamo wa ajabu upande mmoja ambacho watu walikizoea haraka kwa kuwa kilitulia kwenye tuni.

Kwa upande mwingine, kipo kile kichwa kikubwa chenye umbo la V cha Dean, kampuni iliyoanza miaka ya 1970. Jukwaani hakuna kinachokishinda kwa majivuno. Hata hivyo, upana wake ni wa kuonekana zaidi kuliko wa kufanya kazi, na kabla ya kukikubali hakikisha umepima kwa rula jinsi nyuzi zinavyotawanyika kutoka kwenye kidaraja.

Baada ya mkunjo wa upande, tazama mkunjo wa kushuka. Uzi unahitaji kushuka kidogo nyuma ya kidaraja ili ukae imara ndani ya mfereji wake na usilie. Gibson hupata mkunjo huo kwa kukiinamisha kichwa chote, kwa kawaida kwa pembe ya digrii 17, ingawa katikati ya miaka ya 1960 ilipunguza hadi 14 kwa kipindi fulani. Tofauti hiyo si ndogo kama inavyosikika: uzi wenye mvuto wa kilo 7 hivi hukandamiza kidaraja kwa takriban kilo 2 pembe ikiwa 17, na takriban kilo 1.7 ikiwa 14, na msuguano hupungua kwa kadiri hiyo. Kichwa cha Fender hakiinami, hivyo nyuzi nyembamba zilizo mbali hubanwa chini kwa kijichuma kidogo kilichopigiliwa kichwani. Kila kijichuma ni mahali pengine pa msuguano. Ukikuta kichwa cha ajabu kilichonyooka chenye vijichuma viwili au vitatu, jua mbunifu alichora umbo kwanza na kufikiria nyuzi baadaye. Ukikuta ambacho mihimili ya funguo zake inapungua urefu kadiri inavyokwenda mbali na kidaraja, jua mtu alitumia akili.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Tuni nyuzi zote, uvute uzi wa tatu pembeni kwa nguvu mara kadhaa kwenye freti za juu, yaani vile vyuma vinavyoikatiza shingo, upande ulio karibu na bodi, kisha usikilize tena. Halafu legeza ufunguo wake taratibu sana huku sikio likiwa karibu na kidaraja. Ukisikia mlio mfupi wa kudunda na sauti ikaruka ghafla badala ya kushuka taratibu, uzi unakwama. Kukwama kidogo hutibika kwa unga wa risasi ya penseli ndani ya mfereji au kwa fundi kuupanua. Kukwama kunakotokana na mkunjo mkali wa upande utaishi nako maisha yote ya gitaa hilo.

Jambo moja linalohusu vichwa vilivyogeuzwa, ambavyo funguo zake ziko upande wa chini. Jimi Hendrix, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, aligeuza Stratocaster ya mkono wa kulia, na tangu hapo kichwa kilichogeuzwa kimekuwa na wapenzi wake. Husemwa kwamba uzi mnene wa sita, ukiwa ndio unaosafiri mbali zaidi nyuma ya kidaraja, hukaza zaidi. Mvuto wa uzi hutegemea unene wake, sauti uliyotuniwa, na urefu kati ya kidaraja cha shingoni na daraja la kwenye bodi. Kipande cha nyuma ya kidaraja hakimo katika hesabu hiyo. Kinachobadilika ni jinsi uzi unavyojisikia kidoleni unapouvuta, kwa sababu kipande kirefu cha nyuma hunyooka nacho na kukulazimu kuvuta mbali kidogo zaidi ili kufika sauti ileile. Na kama gitaa lina mfumo wa Floyd Rose, unaozifunga nyuzi kwa skrubu hapo kwenye kidaraja, hata tofauti hiyo hutoweka, na kichwa kilichogeuzwa hubaki kuwa pambo. Pambo zuri, nakubali.

Geuza gitaa utazame mgongo wa shingo

Nyuzi sita za unene wa kawaida huivuta shingo kwa jumla ya kilo 45 hadi 50 hivi, saa zote, na mahali dhaifu kuliko pote ni pale shingo inapokutana na kichwa. Kichwa kilichoinama kikichongwa kutoka kwenye kipande kimoja cha mbao, mistari ya mbao hukatika mshazari katika sehemu hiyo, na hapo hapo ndipo panapotobolewa nafasi ya kurekebishia chuma cha ndani ya shingo, kile kinachoizuia isipindwe na nyuzi. Ongeza kwamba shingo nyingi za Gibson ni za mahogani, ambayo ni laini kuliko mbao ya mepo ya shingo za Fender, na utaelewa kwa nini gitaa likianguka chali kichwa ndicho kinachoondoka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gibson iliongeza kivimbe cha mbao nyuma ya eneo hilo ili kuliimarisha. Watu wengi hawakukipenda kwa sura na hawakipendi hadi leo. Mimi nikikuta gitaa lenye kichwa kirefu au kizito lisilo na kivimbe hicho wala njia nyingine ya kuimarishwa, huwa natazama mara mbili.

Kichwa chenye umbo geni huongeza hatari kwa namna mbili: kikiwa kirefu, kama kile cha Gibson Explorer ya 1958 chenye funguo sita kwenye mstari unaoteremka, na cha Jackson kilichofuata nyayo zake miaka ya 1980, kinakuwa nyenzo ndefu inayozidisha nguvu ya kila kishindo, na kikiwa na ncha, ncha hiyo ndiyo hufika kwanza ukutani. Pitisha kidole polepole nyuma ya shingo chini ya kidaraja, mahali penye mwanga wa pembeni, ukitafuta mstari. Mstari ulionyooka, wa mshazari, unaoonekana sawa pande zote mbili za shingo, ni kiungo cha kiwandani: kichwa kimekatwa na kuunganishwa kwa gundi makusudi ili mistari ya mbao ifuate mwinamo, na kiungo cha namna hiyo ni imara, wala usikubali muuzaji mwingine akutishe nacho. Mstari uliokwenda kombo, wenye vipindipindi vinavyofuata mbao, au rangi iliyokolea kuliko sehemu nyingine, ni ufa uliozibwa. Gitaa lililozibwa vizuri na fundi anayejua kazi yake hudumu miaka mingi, ila bei yake haiwezi kuwa ile ya gitaa zima.

Zipo shingo ambazo hazina shaka hii. Travis Bean na Kramer, miaka ya 1970, walitengeneza shingo za alumini. Travis Bean walitoboa herufi T katikati ya kichwa, na Kramer wakakipa umbo la uma wenye meno mawili. Hazivunjiki kwa kuanguka. Zina uzito wake, hata hivyo, na alumini hubadilika kwa joto, kwa hiyo gitaa lililotuniwa likiwa la baridi litahitaji kutuniwa tena mkono ukishalipasha.

Vaa mkanda, kisha achia shingo

Usinunue gitaa lenye kichwa kikubwa ukiwa umekaa. Simama, vaa mkanda, weka gitaa katika mkao wako wa kupigia, kisha uondoe mkono wa kushoto. Likibaki palepale, limepita. Shingo ikianza kushuka, mkono wako utakuwa ukiibeba kila wakati unapopiga, na kwa mpigaji wa bendi ya dansi anayesimama jukwaani hadi usiku wa manane hilo si jambo dogo.

Mfano mzuri wa kichwa kinachopendeza na kuchosha ni Gibson Firebird ya 1963, iliyochorwa na Ray Dietrich, mtu aliyekuwa mbunifu wa magari. Kichwa chake kimegeuzwa, na funguo zake ni za mtindo wa banjo, zinazotokeza nyuma badala ya pembeni, ili mstari wa kichwa usikatizwe na kitu. Kwa macho yangu ndicho kichwa kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka Gibson. Lakini funguo hizo ni nzito, shingo ni ndefu, na mwelekeo wa kuinamia sakafuni ni sehemu ya tabia ya gitaa hilo. Mkanda mpana wa ngozi yenye manyoya upande wa ndani husaidia kwa kusuguana na nguo. Funguo nyepesi husaidia zaidi. Kuhamisha kitufe cha mkanda husaidia wakati mwingine, ila ni kutoboa tundu jipya ambalo mnunuzi wa baadaye ataliuliza.

Kinyume chake ni magitaa yasiyo na kichwa. Ned Steinberger alianza na gitaa la besi mwishoni mwa miaka ya 1970, akaondoa kichwa chote na kuhamishia funguo kwenye mwisho wa bodi. Waliolicheka walikuwa wengi, na kwa sura nawaelewa, lakini hakuna muundo mwingine unaomaliza matatizo mengi kwa mkupuo mmoja: shingo haishuki, hakuna cha kuvunjika, nyuzi hazikunjwi upande, na gitaa huingia mahali ambapo jingine halingeingia. Leo kampuni kama Strandberg ya Sweden huendeleza wazo hilo, na Ibanez nayo ina magitaa ya aina hiyo. Kabla ya kuchukua, uliza linatumia nyuzi gani. Muundo wa awali wa Steinberger hutaka nyuzi zenye kipira cha chuma kila ncha, na hizo hazipatikani katika kila duka. Mifumo mingi mipya hushika nyuzi za kawaida kwa skrubu, na hiyo ndiyo ningeichagua kwa mtu anayeishi mbali na maduka makubwa ya ala. Kumbuka pia kwamba kifaa cha kutuni kinachobanwa kichwani hakitakuwa na pa kubanwa, na ndoano ya ukutani inayoshika gitaa chini ya kichwa haitalishika.

Vitu vidogo vinavyogharimu baadaye

Tazama nafasi kati ya funguo. Vichwa vidogo vya ajabu wakati mwingine hutumia funguo zisizo za vipimo vya kawaida, na moja ikiharibika utazunguka sana kupata nyingine. Tazama kama chuma cha ndani ya shingo kinafikiwa bila kung'oa kitu. Rickenbacker walionesha jinsi ugumu unavyoweza kutatuliwa kwa ustadi: kwenye gitaa lao la nyuzi 12, walilompa George Harrison wa kundi la Beatles mwaka 1964, funguo sita zinakaa pembeni kwa kawaida na nyingine sita zimewekwa kwenye mifereji kama ya gitaa la nailoni, hivyo kichwa hakizidi ukubwa wa kile cha nyuzi sita. Kubadilisha nyuzi zake huchukua muda na subira, lakini shingo haielemewi.

Leta begi lako dukani, au omba lile litakalouzwa pamoja na gitaa. Vichwa vya Explorer na vya Dean haviingii katika mabegi mengi ya kawaida, na ncha inayosukuma zipu kutoka ndani itapasua begi au yenyewe imeguke. Ndani ya kasha gumu, shingo iegemee kwenye mto wake na kichwa kielee bila kugusa chini. Kikigusa, weka kipande cha sponji chini ya shingo hadi kiinuke.

Ukishamaliza hayo, sasa tazama sura. Lisimamishe gitaa mbali kidogo na uangalie kama mistari ya kichwa inaendeleza mistari ya bodi au inapingana nayo. Explorer inafaulu kwa sababu kichwa na bodi vina pembe za familia moja. Kichwa hichohicho kwenye bodi ya mviringo huonekana cha kuazima. Stratocaster za kuanzia mwishoni mwa 1965 zilipewa kichwa kikubwa zaidi, na mjadala kama kilizidi haujaisha. Mimi nakiona kizito kwa bodi iliyo laini vile, ingawa walio wengi niwajuao hukipenda. Kama bado unakisitia kichwa baada ya kukipima, mwambie muuzaji wazi kwamba umbo hilo litakuwa gumu kuuzika tena, maana ndivyo ilivyo kwa maumbo mengi yasiyotoka kwenye majina makubwa, na uanzie hapo kushusha bei.